Gari la Marehemu Baba

Wahenga walisema, "Kipya kinyemi kingawa kidonda." Methali hiyo tuliisikia mara nyingi katika muda wa miaka mitatu na ushei tuliyoitumia chini ya gari kuukuu, katika ua wa nyumba yetu hapa Nyamirambo, mjini Kigali. Jirani yetu mmoja aliitaja kila Jumamosi alipopita kwenda sokoni, kisha akaigeuza kuwa swali: ikiwa watu wote hupenda vipya, mbona ninyi watu wazima mwapenda mkweche? Hatukuwa na jibu la haraka. Makala haya ni jaribio la kumjibu, na twayaleta mbele ya walimu wenzetu kwa sababu katika kazi hiyo tulijifunza jambo ambalo, kwa maoni yetu, laihusu pia kazi ya kufundisha lugha.

Yafaa kwanza tueleze sisi ni nani. Tu ndugu wawili, baba mmoja mama mmoja. Mkubwa ni dereva wa basi la mikoani. Mdogo ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari. Twaandika kwa kauli moja, ingawa, kama msomaji atakavyoona, hatukuwa na shauri moja siku zote.

Kukarabati magari ya zamani nyumbani si mazoea yaliyozuliwa Kigali. Huko Marekani kuna watu wengi ambao kila jioni hujifungia katika banda la gari pamoja na spana zao. Aghalabu wanayoyapenda ni magari yaitwayo ya misuli, ambayo yalivuma tangu mwaka 1964, wakati Pontiac GTO ilipotolewa: gari la ukubwa wa kawaida lililotiwa injini ya silinda 8 yenye ujazo wa lita 6.4. Wapenzi wa magari hayo wamegawanyika katika madhehebu mawili. Wa kwanza hutaka kila kitu kirudi kama kilivyotoka kiwandani, hata skrubu na rangi ya nyaya. Wa pili hubakiza umbo tu, wakabadilisha injini, breki na magurudumu kwa kadiri ya pesa zao. Madhehebu haya mawili hayapatani, na sisi pia tulikuja kuyaona humu humu nyumbani mwetu.

Katika Afrika ya Mashariki gari halikusifiwa kwa ukubwa wa injini. Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953, ndiyo yaliyotufundisha kupima gari kwa matope, mawe na uvumilivu. Mwaka 1964, mwaka ule ule wa GTO, magari ya Mercury Comet yaliletwa kutoka Marekani yakiwa na injini za silinda 8, na mengi kati yao hayakumaliza safari. Aliyeshinda ni Peter Hughes kwa gari dogo la Ford Cortina. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968, na mara mbili kati ya hizo dereva alikuwa Bert Shankland wa Tanzania. Mwaka 1975 ikaja zamu ya mdogo wake, Peugeot 504, iliyoendeshwa na Ove Andersson. Misuli ya gari, kwetu sisi, ilikuwa ni kufika.

Gari la marehemu baba ni Peugeot 504. Aina hiyo ilitolewa Ufaransa mwaka 1968, na mwaka uliofuata ikachaguliwa kuwa gari bora la mwaka katika Ulaya. Lina injini ya silinda 4 yenye ujazo wa sentimita za ujazo 1,971, yaani karibu lita 2, iliyolazwa ubavu kidogo ili boneti iwe chini. Magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, na springi zake ni ndefu na laini, hata mashimo ya barabara hayamsumbui abiria. Ufaransa iliacha kuliunda gari hili dogo la abiria mwaka 1983, lakini Nigeria, katika kiwanda cha Kaduna kilichofunguliwa mwaka 1975, iliendelea kuliunda kwa miaka mingi baadaye, na Kenya vivyo hivyo. Ndiyo sababu hadi leo vipuri vyake havijatoweka katika bara letu.

Baba alilinunua likiwa limekwisha kutumika, mwaka 1986, akalifanya teksi ya kwenda Butare, mji ambao leo waitwa Huye. Tulikuwa wadogo, na kwetu sisi sauti ya injini ile jioni ilikuwa na maana moja: chakula kipakuliwe. Mwaka 1993 tulipelekwa Bukavu kwa shangazi kusoma. Hatukuwako Kigali mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Tuliporudi mwaka 1995 tuliwakuta baba na mama wazima, na gari likiwa limeegeshwa kwa kukingama mbele ya chumba cha stoo, juu ya mawe manne, halina hata gurudumu moja. Katika mlango wa nyuma wa kushoto palikuwa na matundu mawili ya risasi. Tuliambiwa na watu, au labda tulijiambia wenyewe, kwamba wezi waliiba magurudumu. Baba hakusema neno. Hakulitengeneza, wala hakuliuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, ambao walikuja mara nyingi na kurudi mikono mitupu. Alifariki mwaka 2016, Mwenyezi Mungu amrehemu, na gari likabaki juu ya mawe yake.

Tarehe 21 Machi 2020 serikali ilitangaza watu wabaki nyumbani kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19. Shule zilikuwa zimekwisha kufungwa, na sasa safari za mikoani zikasimamishwa. Mwalimu hana wanafunzi, dereva hana basi. Siku ya tatu tulikuwa tumefungua boneti.

Msomaji asidhani kwamba tuliijua kazi. Dereva alijua kuendesha na kubadilisha oili. Mwalimu hakujua hata hayo. Watu waliporuhusiwa kutembea tena, tulimfuata fundi mmoja mzee kutoka Gatsata, mtaa ambao kwa miaka mingi umesifika kwa gereji zake. Kazi alijifunza Bukavu, kisha akaiendeleza Mombasa, na Kiswahili chake kilikuwa na alama za miji yote miwili. Asubuhi aliweza kusema *buji*, na alasiri kitu kile kile akakiita *plagi*. *Feri* na *breki*, *moteri* na *injini*, *amburiyaji* na *klachi*, yote yalikuwa mdomoni mwake bila ugomvi. Mwalimu alinunua daftari, akapiga mistari, akaandika jina la kila kifaa kwa jinsi fundi alivyolitamka, kazi yake, na mahali kilipotoka. Mwanzoni alifanya hivyo ili arekebishe lugha ya fundi. Kabla ya mwezi kwisha aligundua kwamba yeye mwenyewe ndiye anayerekebishwa, kwa maana maneno aliyokuwa akiyafundisha darasani kwa miaka mingi, kama vile *vali* na *shokomzoba*, hakuwahi kuvishika vitu vyenyewe kwa mkono.

Sheria ya kwanza ya fundi ilikuwa nyepesi kuitamka na ngumu kuitii: usikitoe kitu kabla hujajua kwa nini kiliwekwa. Tuliivunja mara moja tukaona matokeo yake. Injini ya 504 ina silinda zinazochomoka, nazo huzungukwa na maji pande zote. Chini ya kila silinda kuna pete nyembamba ya kuzuia maji, na pete hizo hutengenezwa kwa unene mbalimbali, ili silinda ichomoze juu ya bloku kwa kipimo kinachotakiwa, kipimo cha sehemu ndogo sana za milimita. Sisi tulizitoa zote nne, tukazichanganya katika kopo moja, kisha tukatia pete mpya bila kupima. Injini iliwaka. Tulishangilia hata jirani wa methali akaja kutazama. Baada ya siku mbili tulichomoa kijiti cha kupimia oili, tukaiona imegeuka rangi ya chai ya maziwa: maji yalikuwa yameingia.

Fundi alikuja, akatazama, akauliza, "Mlipima?"

"Hatukupima, mzee."

"Basi fungueni."

Hakusema zaidi. Kazi ya miezi minne ilianza upya.

Ulipofika wakati wa kuamua gari liwe la namna gani, ndipo madhehebu mawili yalipoingia uani. Dereva alitaka injini ya Toyota. Hoja zake zilikuwa nzito: vipuri vya Toyota vinapatikana kila duka, bali vya Peugeot hutafutwa kwa simu na subira. Isitoshe, Rwanda huendesha kulia mwa barabara, tofauti na Uganda, Kenya na Tanzania, kwa hiyo vifaa vya usukani na dashibodi kutoka Kenya havitufai; hivyo hatuna budi kuvitafuta Bujumbura au Kongo. Tena, akasema, gari hili halitapanda vilima vya Kigali bila injini yenye nguvu zaidi. Mwalimu alisema kwamba likitiwa injini ya Toyota litakuwa Toyota iliyovaa kanzu ya Peugeot. Tulinuniana wiki nzima.

Fundi alitupatanisha kwa hesabu badala ya maneno. Kigali iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, na hewa hapa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kiasi cha sehemu moja katika sita. Injini inayovuta hewa pungufu hupoteza nguvu karibu kwa kadiri hiyo hiyo. Aidha kabureta iliyopimiwa pwani humwaga petroli nyingi kuliko hewa inavyoweza kuichoma. Akachomoa plagi zetu: zilikuwa nyeusi kama sufuria ya kuni. Tulitia ndani ya kabureta kitundu chembamba zaidi cha kupitishia petroli, tukarekebisha majira ya moto, na injini ikaunguruma vizuri. Haikuunguruma kama ya Marekani, lakini iliunguruma bila kukohoa. Hofu yetu ya petroli nayo aliiondoa. Gari liliundwa zama za petroli iliyotiwa madini ya risasi, ambayo nchi za Afrika kusini ya Sahara ziliacha kuitumia mwanzoni mwa mwaka 2006, na Algeria ikawa ya mwisho duniani mwaka 2021. Silinda hedi ya 504 ni ya alumini, na pale vali zinapokalia pamepigiliwa pete za chuma kigumu, kwa hiyo petroli ya leo hailidhuru.

Basi tuliafikiana hivi: lihusulo tabia ya gari libaki, lihusulo uhai wa mtu libadilishwe. Injini, gia na springi zilibaki. Mahali pa pointi tulitia kifaa cha umeme cha kugawa moto, kwa sababu pointi zilizochakaa humwacha mtu njiani usiku. Mikanda ya usalama tuliiweka pia katika kiti cha nyuma. Mabomba yote ya breki tuliyatupa tukaweka mapya, na taa tukaziongezea mwanga. Dereva alipata alichokitaka katika breki, mwalimu katika injini.

Ilibaki bodi. Hapo ndipo tulipokutana na baba.

Tulipoanza kusafisha vitovu vya magurudumu, tulitarajia kukuta nati zimevunjwa au hazipo, maana mwizi hana muda. Tulizikuta zote. Kila moja ilikuwa imerudishwa mahali pake, imezungushwa kwa mkono mpaka mwisho, na chini ya vumbi la miaka ishirini na sita palikuwa na grisi. Fundi alizitazama kwa muda mrefu. "Mwizi harudishi nati," alisema. Kisha akachukua kigawa moto cha zamani tulichokuwa tumekitoa tangu mwanzo, akafungua kifuniko chake, akatuonesha kwamba rota, ule mkono mdogo unaozunguka ndani yake, haukuwamo. "Na huyu aliyeitoa hii hakutaka gari liwake. Mwulizeni mama yenu."

Mama alikuwa akichambua mchele. Alisikiliza, akainuka, akaingia ndani, akarudi na kopo la majani ya chai. Ndani yake mlikuwa na rota, imefungwa katika kitambaa.

Alituambia kwa maneno machache. Mwezi wa Aprili 1994 baba alilisogeza gari mpaka mlango wa stoo ukafunikwa wote, akatoa magurudumu mchana kweupe ili kila mtu aone kwamba ni gari bovu lisilofaa kuibwa wala kusukumwa, na usiku akatoa rota. Ndani ya stoo walikuwamo majirani watatu. Chakula kilipitishwa chini ya gari. Siku moja watu walipiga risasi kupitia lango, na mbili kati yake ziliishia mlangoni mwa gari. Majirani wote watatu walitoka hai mwezi wa Julai. Mwaka uliofuata, unga ulipotuishia, baba aliyauza magurudumu. "Ninyi mlisema wezi," mama alisema, "naye akasema, waache, ni watoto."

Siku hiyo hatukufanya kazi tena.

Tangu hapo shauri la mlango likawa gumu kuliko la injini. Mwalimu alisema matundu yaachwe wazi, kwa kuwa huo ni ushahidi. Dereva alisema yazibwe, kwa kuwa baba hakuwahi kumwita mtu aje kuyatazama, nasi hatuna ruhusa ya kutembeza siri yake barabarani. Tulimpelekea mama. Yeye aliuliza swali moja tu: "Mvua ikinyesha, maji yataingia?" Tukasema yataingia, na mlango utaoza. "Gari ni la kusafiria," akasema. "Mvua isiingie." Kwa hiyo kwa nje tulichomelea bati, tukapiga msasa na rangi, na mgeni hawezi kujua. Lakini bati la ndani, nyuma ya kitambaa cha mlango, tuliliacha na matundu yake, tukayapaka dawa ya kutu tu. Mtoto wetu atakayefungua mlango huo siku moja ili atengeneze kioo atayaona, na itambidi aulize.

Mwezi wa Desemba 2023 gari lilipita katika ukaguzi wa polisi, breki, taa na moshi. Jumapili iliyofuata ilikuwa miongoni mwa zile ambazo Kigali, tangu mwaka 2016, hufunga baadhi ya barabara asubuhi ili watu watembee na kukimbia, nasi tulingoja hadi zilipofunguliwa. Mama aliketi nyuma, upande wa kushoto. Tuliteremka Nyabugogo, tukashika njia ya Huye mpaka daraja la Nyabarongo, tukageuka. Wakati wa kupanda, dereva alitazama kipimo cha joto, mwalimu alisikiliza injini. Mama alishusha kioo, akaegemeza mkono wake juu ya mlango, akatazama mashamba bila kusema kitu mpaka tukafika nyumbani.

Sasa twaweza kumjibu jirani. Hatumshauri mtu kuchukia vipya. Volkswagen ilianza kuunganisha magari mjini Kigali mwaka 2018, na pikipiki za umeme zapita mbele ya lango letu kila siku bila moshi wala kelele. Hilo ni jema, na gari la kabureta haliwezi kushindana nalo. Ila tuliposema "wezi waliiba", tulikuwa tumelisoma gari kwa haraka na kwa pupa, na kwa miaka ishirini na sita tulimdhania baba yetu kuwa mtu aliyeibiwa. Ilitubidi kushika nati moja moja ndipo tumfahamu.

Nasi walimu twafanya hivyo hivyo na lugha za watu. Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni miongoni mwa lugha rasmi za Rwanda, pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa, na shule zatarajia mengi kutoka kwetu. Lakini muda mrefu kabla ya sheria hiyo kilikuwako Nyamirambo na Biryogo, sokoni, malorini na katika gereji. Mwanafunzi akisema *buji* darasani, kalamu nyekundu huwa tayari mkononi. Twasihi isitangulie swali. Neno hilo huenda lilitoka Bukavu na fundi aliyelishika katika kazi kwa miaka arobaini; lifundisheni *plagi* kando yake, mwanafunzi awe na yote mawili, ajue lipi la mtihani na lipi la Gatsata.

Daftari la mwalimu sasa lina kurasa zaidi ya themanini. Kila muhula huwaleta wanafunzi wachache uani, wakashika vifaa na kuvitaja kwa majina yake yote. Ukurasa wa mwisho, katika mstari wa *rota*, penye nafasi ya mahali ilipotoka, pameandikwa: kopo la chai la mama.